Funguo Mbili za Uwanja wa Kuku

Kuku wangu wa kwanza alipopotea nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, hapa Riruta, nilimshuku mwewe. Wa pili alipotoweka nikamgeukia jirani yangu, mama mmoja kutoka Ukambani, kwa sababu jikoni kwake kulinukia vizuri kupita kiasi. Mimi sina dogo. Nilijifanya naanika nguo huku nikichungulia taka zake, nione kama kuna manyoya.

Mume wangu, dereva wa familia moja ya Lavington, ndiye aliyenituliza.

"Wachana na mama ya watu. Hiyo ni nguchiro. Inachimba chini, inaingia."

Basi Jumamosi tukajenga uwanja wa kuku wa kweli kweli. Alileta kutoka Dagoretti Corner wavu wa waya wenye matundu madogo, ambayo hata kidole cha mtoto hakipiti. Tukasimamisha nguzo, tukachimba mtaro kuzunguka, tukaufukia wavu na kuukunja kwa nje ili mnyama akichimba akutane na waya. Juu tukafunika pia. Mlangoni tukatia kufuli. Ufunguo mmoja wangu, mwingine wake. Siku hiyo nilimpenda sana, nikimwona anatokwa na jasho kwa ajili ya kuku wangu.

Haikupita wiki, mtetea mweupe hayupo.

Nilipiga magoti nikakagua pande zote. Udongo haukuwa umefukuliwa, waya haukupinda, unyoya hata mmoja haukuanguka. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Jirani alinitazama kutoka kwenye karai lake la nguo.

"Nguchiro haifungangi mlango ikitoka, mama," akasema, akaendelea kufua.

Nikautazama ufunguo mkononi mwangu.

Mume wangu nilipomuuliza alisema labda ni panya. Panya! Kwetu magharibi, mtu haendi mikono mitupu kwenye nyumba anayoiheshimu. Hubeba kuku hai. Nikabaki najiuliza ni nyumba gani hiyo. Kwa mama yake haikuwa, maana mama mwenyewe alikuwa amenipigia simu akilalamika kwamba mwanawe amemsahau.

Jumapili nilichinja jogoo, nikasonga ugali. Firigisi nikaiweka kwenye sahani yake, kwani kwetu ni ya baba wa nyumba na mwanamke haionji. Bwana huyu aliwahi kuninunia siku nzima kwa sababu mtoto wetu aliila. Sasa akaisukuma kando.

"Kula tu wewe. Siku hizi nimezichoka."

Amezichoka! Na kwangu, ukiacha leo, hajachinjiwa kuku tangu Krismasi. Hasira na uchungu vilinipanda pamoja. Nikaichukua firigisi nikaitafuna polepole mbele yake, naye hakuinua uso. Ilikuwa tamu, chumvi imekolea.

Kisha nikanawa mikono, nikaenda dukani kununua kufuli jipya. Lilikuja na funguo mbili. Zote nikazifunga kwenye pindo la leso yangu.