Palizi Bila Pombe

Katekista Ignasi ameng'ang'ana niandike habari zangu, mimi niliyeishia darasa la pili. Haya, mkono unaniuma lakini naandika.

Nimepika pombe ya ulezi miaka arobaini, na hapa kijijini hakuna aliyenishinda. Mwanangu Valerian alianza kwa kuonja kwenye mtungi wangu. Siku hizi mikono inamtetemeka na anaongea na watu tusiowaona. Miaka yote nilisema amerogwa.

Mwaka huu jumuiya yetu ilipanda shamba la mahindi, ili mavuno yatupatie nauli na dawa za wagonjwa wa akili na wa pombe, wafike kliniki Sumbawanga mjini. Palizi ilipofika, Ignasi akaja.

"Shikamoo mama. Tupikie mitungi miwili. Bila pombe watu hawaji kulima."

"Marahaba. Shamba ni la nani?"

"La wagonjwa."

"Wangu yule pale mlangoni. Kamuulize kama nipike."

Hakwenda.

Nikapika togwa, kinywaji kisicholevya. Jumamosi walikuja watu saba. Wengine walipita wakicheka, eti bibi amechemsha uji wa watoto. Valerian alikuwa wa nane. Alipalilia, akakaa chini akitetemeka, akainuka tena. Nikiwa kando yake nikamwambia hakurogwa na mtu, pombe ile niliipika mimi. Aliendelea kupalilia.

Nusu ya shamba bado ni magugu, na mahindi hayatusubiri. Wewe unayesoma, Jumamosi ijayo njoo na jembe lako.