Pampu Iliyofungwa Kavu

Wenzake walimwita Dokta, ingawa alikuwa fundi magari, kwa sababu hakuhitaji kufungua injini ili ajue inaumwa nini. Aliinama juu yake, akafumba macho, akasikiliza. Akisema ni valvu, basi ni valvu. Aliishi kwa sifa hiyo karibu miaka arobaini.

Alipofika sitini, masikio yakaanza kumwacha. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo ya watu, kucheka wenzake walipocheka, na kuweka kiganja juu ya injini ili mtetemo umweleze. Mkewe alijua. Alimsihi aende hospitali, na alipochoka kusihi akasema, "Haya, sikio la kufa halisikii dawa." Ikabidi arudie kwa sauti kubwa, maana mara ya kwanza mumewe hakusikia.

Shemeji yake Dokta, mume wa dada yake mdogo, alikuwa na mwezi wa nne kitandani. Kiharusi kilimchukua upande mmoja, na sasa figo nazo zilikuwa zinagoma. Maishani mwake alimiliki gari moja tu, saluni ya zamani yenye usukani mwembamba, aliyoinunua kabla hajaoa na kuitunza kama mboni ya jicho lake. Alikuwa na ombi moja: alazwe humo, azungushwe mtaani, arudishwe. Lakini gari lilikuwa limekaa muda mrefu, na kila likiwashwa taa nyekundu ya oili ilikataa kuzima.

"Kaka, daktari amesema tusihesabu wiki," dada yake alimwambia. "Tuhesabu siku."

"Jumamosi atapanda," Dokta akajibu.

Alishusha sampu, lile beseni la oili chini ya injini, akaitoa pampu na kuifungua. Giya mbili ndogo zinazosukuma oili zilikuwa zimelika kabisa. Alizunguka maduka siku tatu hadi akapata nyingine kwa muuza spea mmoja mzee, bado zimo ndani ya karatasi yake. Ijumaa asubuhi alizipachika, akazizungusha kwa kidole, zikaenda laini.

Ilibaki kuijaza pampu oili kabla ya kuirudisha, isije ikaanza kwa kuvuta hewa tupu. Ni kazi ya nusu dakika. Alikuwa ameshika kopo dada yake alipoingia na kusema kitu kutoka mlangoni. Dokta hakusikia. Akaweka kopo chini, akamfuata aione midomo yake. Alikuwa anauliza kama kiti cha mbele kinaweza kulazwa, kwani mgonjwa hawezi kukaa wima. Wakakilaza, wakajaribu mito, wakabishana kidogo kuhusu mkanda. Dokta aliporudi chini ya gari, mikono yake iliichukua pampu na kuifunga vilevile ilivyokuwa, kavu.

Alasiri alirudisha sampu, akajaza oili, akamkalisha dada yake kwenye usukani. "Nikiinua mkono, kanyaga mafuta."

Injini ikawaka. Dokta akainama na kufumba macho. Ngurumo ilimjia kwa mbali, tulivu, kama iliyofunikwa blanketi. Akaipenda. Akainua mkono.

"Kaka, taa haijazima," dada akasema. Akasema tena. Mara ya tatu alipaza sauti. Mkono wa kaka yake ulibaki juu, naye akakanyaga, kwa kuwa tangu utotoni aliamini kaka anajua.

Fundi wa bodi, aliyefanya kazi upande wa pili wa uwanja wa gereji, ndiye aliyesikia vyuma vikigongana. Alikuja mbio, akapitisha mkono dirishani, akazima gari. Injini ilikuwa imeshanoki, imekufa kabisa.

Dokta alifungua tena chini. Beringi zilikuwa zimeungua, na ndani ya pampu hakukuwa na hata tone. Fundi wa bodi akamvuta pembeni, akasimama uso kwa uso naye. "Sema giya zilikuwa feki. Spea za siku hizi, nani atabisha?"

Dokta akamfuata dada yake. "Niliifunga bila oili. Kosa langu."

"Nilikuita mara tatu. Hukusikia, au ulinipuuza?"

"Sisikii, mdogo wangu. Mwaka wa pili sasa."

"Na hukuona ni vyema kutuambia," dada akasema.

Jumamosi Dokta alikwenda mwenyewe chumbani kwa shemeji yake. Alisimama kando ya kitanda akamweleza yote, pampu, taa na masikio. Mgonjwa akaanza kuongea. Mdomo wake ulisogea nusu tu, hausomeki. Dokta akainama hadi akahisi pumzi ya shemeji shingoni, lakini hakupata hata neno. Mgonjwa aliongea kwa muda, akapumzika, akaendelea.

"Anasemaje?"

Dada yake alikuwa ameketi miguuni mwa kitanda. "Anasema haina neno."

"Ameongea mengi."

"Anasema haina neno, kaka." Akainuka kwenda kufunga pazia.

Shemeji alifariki Jumanne. Mwezi huohuo Dokta alifunga gereji, akamgawia fundi wa bodi spana zake. Baadaye hospitali walimpa kifaa cha sikio, na sasa anasikia hadi maji yanayodondoka jikoni. Dada yake huja kumsalimia mkewe, hukaa kidogo, huondoka. Dokta hajamuuliza tena shemeji alisema nini, na dada hajamwambia.