Limbuko la Kwanza Bila Mama

Usiku ule nililala na ugomvi moyoni. Mahindi yalikuwa yamekomaa, na nyumbani hakuna aliyeonja hata punje. Kwetu mtu hali mahindi mapya mpaka mkubwa wa nyumba alimbue: atafune punje za kwanza, ateme kulia na kushoto, awataje wafu wa ukoo kwa majina, ndipo aseme, "Kuleni." Kazi hiyo ilikuwa ya mama. Mama tulimzika wakati wa palizi, na mkubwa sasa ni mimi. Nikawa napiga danadana. Jirani akanicheka, "Mwenzetu, unawatunzia ngedere?" Nikamtukana. Wanangu walilala na uji mwepesi, shamba limejaa, nami nimeshupaza shingo.

Nikamwona mama yuko shambani, anapitisha mkono kwenye mabua, kanga yake imelowa umande. Sikushangaa. Nilifurahi mno, nikamkimbilia. Mara tuko jikoni, moshi uleule, nami namchomea hindi. Naligeuza kwa vidole taratibu, maana hakupenda lililoungua. Nampa kwa mikono miwili.

Halipokei.

"Limbua wewe, mwanangu."

"Wewe si upo, mama? Mkubwa ni wewe."

Ananitazama kama alivyonitazama nilipougua utotoni. "Wataje wote," anasema. "Nami unitaje."

"Nikikutaja utakuwa umekufa."

"Nimekufa, baba."

Naishika kanga yake, naishika kwa nguvu zote. Mara nimeshika majani ya mahindi, jikoni hakuna mtu, na watoto wananiuliza mlangoni kama chakula tayari.

Nikaamka machozi yameniingia masikioni. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikwenda shambani, nikavunja hindi moja, nikalichoma, nikawaita wote uani. Nikatafuna, nikatema kulia, nikatema kushoto. Nikamtaja babu, nikamtaja bibi, nikamtaja baba. Hapo nikaanza kuligeuzageuza hindi mkononi.

Mke wangu akanishika bega. "Malizia, baba Salima. Watoto wana njaa."

Nikamtaja mama, jina lake lote, pamoja na wafu wenzake. Kisha nikasema, "Kuleni." Watoto wakakimbilia shambani wakicheka, nami nikabaki uani na punje nyingine mdomoni, zimekataa kushuka.