Figa la Tatu

Mtu wa Ngara akikataa maharage, ujue ana jambo. Sisemi hivyo kuchekesha. Huku kwetu mtoto huachishwa ziwa kwa mchuzi wa maharage, na mzee akifa, waombolezaji hawatawanyiki kabla hawajala ndizi na maharage. Kwa hiyo siku Frednand wa Bukiriro aliposogeza sahani pembeni na kusema hayo hali tena, mkewe Francisca alidhani ni vidonda vya tumbo. Baada ya mwaka akadhani yuko mwanamke mahali anayempikia vizuri zaidi. Mwaka wa tatu akaanza kuogopa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mumewe, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, alikuwa utingo wa lori la saruji lililokuwa likivuka mpaka pale Rusumo. Sasa alikuwa ameachishwa kazi, na amerudi nyumbani na mtu. Francisca hakumwona mtu huyo. Frednand peke yake ndiye aliyemsikia: kengele ya baiskeli, krin-krin, mchana kweupe, kule bondeni kwenye migomba ambako hata njia ya baiskeli hakuna. Akiisikia, anaacha jembe na kusimama kando, kama mtu anayempisha mwenzake.

Majirani wakasema amerogwa. Hawa majirani nao! Ukikonda umerogwa, ukinenepa umeroga. Hakuna aliyejua kwamba Frednand hakuwa na mchawi yeyote. Alikuwa na jiwe.

Kazi ya utingo, kwa wasioijua, ni kukimbia. Lori likikwama mlimani na mzigo mzima mgongoni, utingo anaruka chini na jiwe kubwa analitia nyuma ya tairi kabla lori halijarudi kinyumenyume. Likishapona, dereva hasimami tena. Akisimama mlimani amekwisha. Utingo anakimbilia mlango, anadandia, wanakwenda. Jiwe linabaki barabarani. Na mautingo wana msemo wao: jiwe lililokushikia gari halirudiwi, ukilirudia umeuita ubovu urudi. Alikuwa utingo miaka kumi na sita, na miaka yote hiyo Frednand aliufuata msemo huo kama amri ya kanisa. Upumbavu mtupu, ukiniuliza mimi. Lakini hakuniuliza.

Jioni moja, kwenye mlima mmoja wa Biharamulo, bomba la rejeta lilipasuka. Frednand akatafuta jiwe pembezoni, akapata moja zuri, bapa upande mmoja, lenye mshipa mweupe uliolikata katikati. Akalitia nyuma ya tairi. Dereva wake, Aristides, akalifunga bomba kwa mpira, maji yakaongezwa, lori likanguruma, Frednand akadandia. Wakalala Nyakahura.

Asubuhi Aristides akamtuma kwa pikipiki ya kukodi kurudi Biharamulo mjini kununua bomba jipya. Ukungu ulikuwa haujaisha. Walipofika kwenye ule mlima aliona kwanza maharage, yametapakaa lami nzima, mekundu. Kisha baiskeli imepinda. Kisha mtu amelala, amefunikwa kitenge, na watu watatu wanne wakipunga mikono. Na katikati ya yote hayo, jiwe lake, na mshipa wake mweupe. Mwenye pikipiki akapunguza mwendo.

"Twende," Frednand akasema. "Tumechelewa."

Wakapita juu ya maharage. Aliyasikia yakipasuka chini ya matairi.

Jina la yule mtu alilipata siku chache baadaye, Nyakahura kwa mama wa chai: Yohanes wa Bisibo, alikuwa anapeleka maharage mnadani, kumbe kulikuwa na jiwe. "Mautingo hawa," mama wa chai akasema, akimimina chai. "Mungu anawaona." Frednand akalipa na kuondoka bila kunywa.

Akaendelea na kazi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Lakini kila alipochuchumaa nyuma ya tairi na jiwe mkononi, kengele ililia na mikono ikafa ganzi. Siku lori liliporudi nyuma hatua tatu kabla hajaweka kitu, Aristides alishuka. "Frednand ndugu yangu," akasema, "nakupenda, lakini utaniua." Ndivyo alivyorudi Bukiriro.

Francisca ndiye aliyemburuta hadi kituo cha afya. Kulikuwa na nesi pale, Priscila, aliyesomea mambo ya afya ya akili, na kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya wenye mawazo mengi uani. Frednand alikuta wanawake watano na mwalimu mstaafu wakirusha mikono juu.

"Shikamoo, baba. Karibu, panga mstari," Priscila akamwambia.

"Marahaba. Sista, mimi ni mgonjwa au ni mgambo?"

"Utajua mwenyewe ukitoka jasho."

Alitoka jasho. Priscila aliwafundisha vitu vitatu, wala hakuviita dawa. Kwanza, mwili ufanye kazi kila asubuhi: kupanda kilima haraka mpaka moyo udunde. Pili, pumzi: vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, na mguu ukikanyaga ujue umekanyaga, usiwe hapa huku akili iko jana. Tatu, kuchora picha kichwani. Fumba macho, tafuta mahali ulipowahi kutulia, ukae hapo.

Vile viwili vya kwanza Frednand aliviweza. Cha tatu kilimtoa mbio. Alifumba macho akachora shamba la kahawa la marehemu mama yake, msimu wa kuvuna, kapu limejaa, mama anaimba kwa sauti ya chini. Pazuri. Halafu krin-krin. Yohanes akaja katikati ya mistari ya kahawa akisukuma baiskeli, gunia limetoboka, maharage yanadondoka moja moja nyuma yake, na mama akaacha kuimba akageuka kumtazama. Frednand alifika nyumbani bila kofia.

Priscila alimfuata na ile kofia. Hapo, wamekaa kwenye benchi nje ya nyumba, Frednand akasema yote. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu, na maneno yalitoka yamekauka, yanakwama. Nesi hakushtuka wala hakumwambia pole upesi upesi.

"Basi usimfukuze," akasema hatimaye. "Ukimfukuza atakuja kwa mlango mwingine. Ukifumba macho, rudi kule kule mlimani. Fanya ambalo hukufanya. Shuka kwenye lori, uliokote jiwe, ulitoe barabarani."

"Atafufuka?"

"Hatafufuka, baba. Hii haifuti kitu. Ila wewe umegandia pale pale kama gari kwenye tope, na mimi nataka usogee."

Miezi minne alisogea. Alfajiri anapanda kilima cha Bukiriro, nne na sita, nne na sita. Juu kabisa anasimama na kufumba macho. Analiona lori likiondoka. Anashuka. Anainama, analikumbatia jiwe, analinyanyua. Usingizi ukaanza kumrudia, akanenepa kidogo, majirani wakasema ameaguliwa. Maharage bado hakugusa, na mabega yakaanza kumuuma. Francisca alimkanda kwa maji ya moto, lakini maumivu hayakupoa.

"Sista," akamwambia Priscila Jumamosi moja, "jiwe nimelibeba. Kila siku nalibeba. Lakini sioni pa kulitua. Nikiliweka pembezoni, nikifumbua macho bado ninalo."

Priscila alikuna shavu. "Lile jiwe lenyewe," akauliza, "liko wapi sasa?"

Frednand alilibeba kichwani miaka yote ile na hakuwahi kujiuliza.

Siku aliyoamua kwenda Bisibo alimweleza mkewe kwanza. Francisca alisikiliza mpaka mwisho, akaziba uso kwa khanga, akacheka na kulia kwa pamoja. "Miaka miwili," akasema, "miaka miwili namtukana mwanamke ambaye hayupo! Nenda. Na ukifika mlangoni ukaishia kuomba maji ya kunywa, usirudi hapa."

Nyumba ya Yohanes aliipata kwa kuuliza. Ilikuwa asubuhi, jua limeshakausha umande. Mjane, Jovina, mwanamke mrefu wa makamo, alikuwa kwenye kibanda cha jiko nje, anakoka moto. Frednand alibisha hodi, akakaribishwa, akapewa kigoda. Jovina ni Msubi na yeye ni Mhangaza, kwa hiyo walisalimiana kwa Kiswahili, kile cha sokoni, cha watu wasiojuana. Habari za safari. Nzuri. Za hapa? Tunashukuru. Alikuwa na maneno yake tayari, ameyapanga tangu kwenye gari. Nne, sita. Akafungua kinywa, na macho yake yakashuka kwenye moto.

Sufuria ya maharage ilikuwa inachemka juu ya mafiga matatu. Mawili yalikuwa mawe ya kawaida ya bondeni. La tatu lilikuwa bapa upande mmoja, jeusi kwa masizi, lakini masizi hayakuweza kuuficha ule mshipa mweupe.

Yale maneno aliyoyapanga yakapotea yote.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyeliweka."

Jovina hakuuliza kitu gani. Alisukuma ukuni ndani, akapuliza, akangoja moto ushike.

"Nilijua halikutembea lenyewe," akasema. "Tulipomaliza matanga nilikwenda kulitoa balabalani, lisije likaua mwingine." Alitamka balabala, kama tunavyotamka wengi wetu huku. "Mashemeji wakataka litupwe mtoni. Nikakataa. Kila nikiwasha moto ninaliuliza: wewe, nani alikuleta? Sasa limejibu."

"Nilipita pale asubuhi ile," Frednand akasema. Hakuna aliyemlazimisha. "Niliwaona watu. Sikusimama."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Ulikuwa kwenye pikipiki?"

"Kwenye pikipiki."

"Zilipita mbili. Saa ngapi?"

"Saa tatu."

Jovina akaanza tena kukoroga, polepole. Frednand alisikia maharage yakichemka, na zaidi ya hapo hakusikia kitu.

"Alikata roho saa nne," Jovina akasema.

"Alikuwa amefunikwa, mama. Niliona kitenge. Nilidhani..."

"Kilikuwa changu. Niliitwa nikamkuta hai, nikamfunika kwa ajili ya baridi."

Hesabu ikamtoka. Nne haikufika, sita haikuja. Miaka yote alijua ameua mtu kwa jiwe, kwa bahati mbaya, kwa mila ya kijinga ya mautingo. Hili la pili hakulijua. Lilikuwa la macho yake mwenyewe, na la neno lake mwenyewe: twende. Alilia pale kwenye kigoda, mtu mzima, kamasi mpaka kidevuni, na mama wa watu hakumnyamazisha. Naye alikuwa na yake ya kulia. Alilia amempa mgongo, anakoroga.

Maharage yalipoiva akapakua sahani moja, akaiweka magotini kwa Frednand.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukaondoka na uongo huo. Lakini umekuja, na aliyefika kwangu hatoki na njaa. Kula."

Frednand akala. Punje ya kwanza ilipopasuka kati ya meno alisikia matairi. Akaendelea kula mpaka akamaliza.

"Sasa nenda bondeni ukanitafutie jiwe," Jovina akasema. "Hili ulibebe ukakae nalo wewe. Nimekaa nalo vya kutosha. Lakini sufuria haikai juu ya mafiga mawili, ulete kwanza jingine."

Alirudi na jingine begani, zuri, la duara. Jovina alikuwa ameuvuta moto pembeni. Wakakaa pande mbili za jiko kungoja lile la mshipa mweupe lipoe. Mara kwa mara Frednand aliliwekea kiganja kuona kama linabebeka, na mara ya nne likabebeka.

Francisca alipoliona mlangoni hakuuliza mengi. Alitoa figa moja bovu jikoni kwake, lile lililokuwa limepasuka, akapisha nafasi. "Tia hapo," akasema. Siku ile akapika maharage, wakala wote wawili.

Jumamosi iliyofuata Priscila alitaka kujua kama kengele imekoma.

"Haijakoma, sista. Inalia kuliko zamani. Ila mimi ile picha nimeibadilisha."

Alfajiri bado anapanda kilima. Lakini ikikaribia saa tatu anashuka, anaingia jikoni, anavuta kigoda karibu na moto na kufumba macho. Hashuki tena kwenye lori. Anamwambia mwenye pikipiki, simama. Anashuka kwenye pikipiki, anavuka yale maharage bila kuyakanyaga, anapiga magoti kando ya kile kitenge, na kuhesabu naye pumzi, nne na sita, mpaka saa nne. Francisca amezoea. Wakati huo hamwiti kwa kazi yoyote.

Krin-krin inalia mlangoni, saa tatu kamili. Frednand anasogeza kigoda cha pili.

"Karibu, Yohanes," anasema. "Leo nipo."