Upande wa Pili wa Kaseti

Siku zile mume wangu alikuwa kazini Arabuni, na barua zake zilikuja kwa kaseti. Kila nyumba ya Malindi yenye mtu wake huko ilijua mpango: upande wa kwanza ni wa jamaa wote, salamu kwa kila mtu na jina lake. Upande wa pili ni wa mke, naye huusikiliza peke yake, mlango umefungwa.

Kaseti iliyokuja karibu na Ramadhani tuliketi kuisikiliza sebuleni. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: anakuja kufunga na sisi, au haji? Nilikuwa sijamwona miaka mitatu. Salamu zilipofika kwa shangazi zake, redio ikakata. Tulibonyeza kila kitu. Haikuwaka, wala kifuniko cha kaseti hakikufunguka.

Nikaleta bisibisi. Redio ina skrubu sita nyuma, si ndege ile! Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaninyang'anya.

"Utaiua, shemeji. Hii ni kazi ya fundi."

Nikasema basi tuitoe kaseti kwanza. Mama mkwe akaniambia niache pupa. Pupa! Mume ni wangu, maneno ni yangu, halafu mwenye pupa ni mimi. Shemeji akaitia redio kikapuni, kaseti ikiwa ndani, akaipeleka sokoni.

Kesho yake alasiri nikavaa buibui nikaifuata. Hata sijafika kwa fundi, nikamsikia mume wangu barabarani. Alikuwa akiniita lile jina la chumbani. Kinyozi wa jirani amesimamisha mkasi anasikiliza, muuza kahawa ametua dele lake anasikiliza, na fundi amepandisha sauti mpaka mwisho.

Nikamkabili fundi. "Nani kakwambia uigeuze?"

"Upande ule ulikwisha, dada. Fundi lazima ajaribu kazi yake."

Haya hana hata chembe! Nikaizima mwenyewe, nikaichomoa kaseti, nikageuka niondoke. Fundi akaniita, safari hii kwa upole.

"Pole, dada. Asema ametia sahihi miaka miwili mingine. Ramadhani hii haji."

Kinyozi akainamisha macho. Muuza kahawa akatikisa kichwa. Wote walikuwa wamekwisha kujua kabla yangu.