Rundo la Papa

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikufa akiwa na rundo kubwa kuliko yote. Nasema rundo la maharage, maana kwetu Nguba, hapa Bukavu, yeye na rafiki zake walicheza poka ya karata mbilimbili kwa punje za maharage, Jumapili baada ya misa, na aliyeishiwa punje alitoka mpaka mashindano ya mwaka mwingine. Mshindi alichinjiwa mbuzi. Kila mmoja alihifadhi punje zake ndani ya kopo la maziwa katika kabati la mama, na mashindano yaliweza kuchukua miezi.

Alipokufa walikuwa wamebaki watatu: yeye, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Uvira, na jirani yetu mwenye moyo mgonjwa ambaye sisi watoto wa nyumba tulimwita tonton, yaani mjomba. Sheria ilikuwa moja, na papa mwenyewe ndiye aliyeitunga: kopo lililoingia mezani litaishia mezani. Basi kiti chake kikawekwa, abakosti yake, lile koti la kazini, ikatundikwa mgongoni mwa kiti, maharage yake yakamwagwa mbele. Mimi, binti mkubwa, mwalimu wa hesabu nisiyeamini mizimu, nikakaa pembeni ya kiti kuwa mkono wake. Kila mgao nilisukuma punje moja ya lazima, kama wote, na zamu ilipofika nilitupa karata zake bila kuzitazama. Mama, kama mjane, alikuwa bado analala mkekani sebuleni, palepale tulipochezea. Alisema hatarudi kitandani kabla mchezo wa mume wake haujaisha.

Nilidhani rundo lile litakwisha upesi. Wapi! Papa alipokuwa hai, rundo lake liliwatisha wenye machache. Walitupa hata karata nzuri, kwa kuwa kukosea mara moja mbele yake kulikuwa kutoka kabisa. Sasa alikuwa maiti, na bado walimwogopa. Hakuna aliyetaka kuonekana anamnyang'anya marehemu. Walitupa karata zao kabla zamu yangu haijafika, na anayebaki peke yake ndiye anayechukua punje za katikati. Papa yuko kaburini, na rundo lake linakua. Nilikuwa nalitazama likikua.

Mfanyabiashara ndiye aliyechoka kwanza. Jumapili moja alizisukuma punje zake zote kwenye rundo la papa, akacheka.

"Mumupatie zangu zote. Mimi niko na safari ya Kamituga."

Haukupita mwezi, gari lake likaanguka bondeni kwenye barabara hiyohiyo ya Kamituga, naye akafa. Niliijua barabara ile, mvua ilikuwa imeila. Tonton naye aliijua. Lakini tangu siku hiyo alikuja kwetu na uso wa majivu, akawa anatupa kila karata, hata zile ambazo macho yake yalisema ni nzuri. Punje ya lazima haina huruma. Rundo lake likapungua mpaka likaenea kiganjani.

"Nikitoka mbele yake, nitamufuata," aliniambia, mkono kifuani. "Wa kwanza uliona."

Hasira ikanipanda, ile ya darasani, mwanafunzi anapokataa kuona jibu lililo ubaoni.

"Tonton, unaogopa maharagi? Weka yote! Karata zake mimi nazitupa kila mara. Papa hawezi tena kujibu."

Nikasikia maneno yangu mwenyewe. Tangu mazishi sikuwa nimeyasema. Kwa kweli nami nilikuwa nakipenda kile kiti, na kila Jumapili nilifurahi kwamba rundo halijaisha.

Tonton akasukuma punje zake zote katikati. Kisha akanong'ona, "Tapis," ndivyo tulivyosema mtu akiweka zote. Nikatupa karata za papa. Akachukua punje. Tapis tena, nikatupa tena. Mvua ilikuja kutoka ziwani ikapiga mabati, sisi tunaendelea, hadi mbele ya abakosti ikabaki punje moja.

Punje ya mwisho ikishawekwa, hakuna tena kutupa. Lazima karata zifunuliwe. Nikafunua. Wafalme wawili. Papa akashinda, akawa na punje mbili. Tonton akasema tapis, nikatupa, ikarudi moja. Nikafunua. Wafalme wawili tena. Hesabu inaruhusu jambo kama hilo, naifundisha mpaka leo. Lakini vinyweleo vilinisimama. Nilikuwa nimesema hawezi kujibu.

Akashinda, nikatupa, punje ikarudi moja tena. Tonton alikuwa anatoka jasho, midomo imemgeuka rangi, na vidole vimeshika shati juu ya moyo. Hapo mama akainuka mkekani. Akaja kusimama nyuma ya kiti, akaishika abakosti mabegani, akasema kwa sauti ileile aliyozoea kumwitia mumewe chakula:

"Papa ya batoto, inatosha sasa. Acha mwenzako arudie kwake."

Nikafunua. Saba na mbili, karata za ovyo kabisa. Tonton akaichukua punje ya mwisho, akaanza kulia, nami nikalia kumshinda. Alikataa kuchinjiwa mbuzi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakugusa karata tena.

Mama hakulia. Alikunja mkeka wake, akaingia chumbani, akafunga mlango.