Kadi ya Picha Imeungua

Wenzangu mliokua Mbinga enzi zile betri zikichoka zinaanikwa juani, mtanielewa haraka. Nyumbani kwetu palikuwa na redio moja na tochi moja, na vyote vilitumia betri zilezile kubwa. Jioni mama akiwa jikoni anakaanga usipa, wale dagaa waliopandishwa kutoka Liuli, harufu imejaa mpaka barabarani, ugomvi ulianza. Wa kwenda chooni anataka tochi, baba anataka taarifa ya habari. Betri zilihama huku na kule, na hakuna siku zilipokataa kuingia. "Ukizitoa, zirudishe zilipokuwa," baba alisema, kwa sauti yake ya darasani, maana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Hata mashine ya kumenyea kahawa kwa babu kule Matiri ilikuwa hivyo. Tuliizungusha kwa mkono, wajukuu tukipokezana mpaka viganja vinateleza. Bolti ikikatika, babu alienda dukani akarudi na nyingine, ikaingia. Nilikua nikiamini dunia nzima imekubaliana kuhusu ukubwa wa matundu.

Kisha baba akaleta kompyuta, kuukuu tayari, iliyouzwa na ofisi moja ya Songea. Tuliifunika kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Ndani mlikuwa na mchezo wa karata, na mama, ambaye mwanzoni aliogopa hata kugusa kipanya, ndiye aliyenogewa kuliko wote. Walikaa benchi moja, baba kulia, mama kushoto, wakicheza kwa zamu. Mama akikosea, baba anakohoa. Baba akikosea, mama anaenda kuangalia sufuria huku anacheka.

Baba alifariki. Mama hakuacha. Alicheza zamu yake, kisha akacheza na ya baba, bado amekaa upande wake wa kushoto, mkono ameunyoosha kukifuata kipanya. Nilimwona hivyo siku moja nikatoka nje, sikutaka anione nalia.

Mwaka huu kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Fundi wa mjini, kijana mpole mwenye haraka zake, akaifungua na kusema, "Shikamoo mama. Kadi ya picha imeungua."

Mama akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa wasiwasi wa kweli: "Ya mfalme au ya malkia?"

Kijana alicheka mpaka akaegemea meza. Nami nilicheka, ila nilibaki na swali langu. Kadi za kutoa picha kwenye kioo bado zinatengenezwa, tena za nguvu za ajabu. Lakini hakuna hata moja inayoingia kwenye tundu la mashine ya mama, tundu la kizamani waliloliita AGP. Nani aliamua liachwe? Na alidhani wenye mashine hizo tumehamia wapi? Najua tundu lile lina mwendo wa polepole, na kiwanda hakiwezi kumsubiri mama mmoja wa Mbinga milele. Lakini kadi moja ya kawaida tu, ya kuonyesha karata, ingewapunguzia nini? Bado nauliza.

"Dada, mpe simu, karata zimo humohumo," fundi alinishauri. Kijana huyohuyo ana droo iliyojaa chaja zisizoingia kwenye simu yoyote aliyonayo, na wala hashangai. Vijana wetu bwana! Tundu likibadilika, nao wanabadilika nalo.

Nilizunguka Songea mpaka kwa fundi mmoja mwenye boksi la vyuma chakavu, nikapata kadi ya zamani imejaa vumbi. Nikarudi nayo nyumbani, nikaipachika mwenyewe. Ikaingia. Kioo kikawaka, karata zikajipanga na rangi zake.

Zamani kitu kikichoka tulikianika juani, tukakingoja. Siku hizi tunakitupa hata hakijapoa. Nilitaka kumwambia mama hivyo, lakini hakuwa na nafasi ya kunisikiliza. Alishakaa kushoto, amecheza yake, ananitazama.

"Usinisimamie hapo," akasema, akipigapiga upande wa kulia wa benchi. "Zamu ya baba yako hiyo."